Jogoo Aliyepita Handaki la Pugu

Nakumbuka, mwanangu, siku jogoo alipopanda treni ndani ya nyumba yetu, hapa Kibaha. Naona unavyoniangalia. Unasema moyoni bibi huyu sasa umri umemzidi. Ngoja kwanza, koroga chai yako, nikueleze taratibu, maana jambo hili lina kichwa na mabehewa yake, na ukilianzia nyuma hutafika.

Niliolewa nikitoka Maneromango, kule ambako mvua ikinyesha barabarani hata mbuzi anaghairi safari. Nikaletwa hapa mtaa wa Maili Moja, binti mdogo, sina ndugu wala shoga. Mume wangu Mfaume alikuwa amepanga upande mmoja wa nyumba ya Mzee Maganga, na upande wa pili alikaa Mzee Maganga mwenyewe na mkewe, Mama Kulwa. Mapacha wao walikuwa wameshakua na kwenda zao kutafuta maisha. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, imepigwa plasta ikapendeza, na ukuta wa chumba chetu cha mbele ndio uliokuwa ukuta wa chumba chao.

Mfaume alikuwa fundi redio, na mkono wake ulikuwa mwepesi, nisimnyime sifa yake. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye treni. Alikulia Pugu, chini ya vilima vya Kisarawe, pale reli inapoingia ndani ya mlima. Watoto wengine walilala kwa kuimbiwa, yeye alilala kwa honi ya treni. Basi usishangae kwamba baada ya harusi, wakati mabwana harusi wengine wanatafuta kabati na meza ya kulia, wangu alianza kupigilia mbao ukutani, usawa wa kiuno, kuzunguka chumba kizima. Nikamuuliza ni rafu za vyombo? Akasema, “Ni tuta la reli.” Nikanyamaza. Mwali hafundishwi kubishana wiki ya kwanza.

Aliijenga reli ile kwa vitu ambavyo wewe ungevitupa jalalani. Vyuma vyake vilikuwa ile mikanda myembamba inayofungiwa mizigo, aliinyoosha kwa nyundo akaisimamisha kwa ubavu ndani ya mataruma ya mianzi. Kichwa cha treni kilikuwa kopo, na ndani ya kopo mota ya redio kaseti na meno ya saa ya mezani ya kuipunguzia mbio. Magurudumu yalikuwa washa, zile pete za chuma za kuwekwa chini ya nati, kubwa na ndogo zimebanwa pamoja, ile kubwa ndiyo inayozuia treni isitoke njiani. Umeme ulitoka kwenye betri ya gari, ukapita kwenye koili ya jiko la umeme lililokufa: ukigusisha waya huku treni inatembea, ukigusisha kule inakimbia. Vilima alivifinyanga kwa magunia yaliyochovywa kwenye udongo mwepesi, na miti yake yote ilikuwa vipande vya dodoki vilivyopakwa rangi ya kijani. Nilikosa dodoki la kuogea nyumba hii kwa muda mrefu sana.

Kisha akaipa Kisarawe stesheni. Kila mtu anajua treni haipandi Kisarawe, inapita chini huko. Mfaume alisema kama waliojenga reli waliisahau Kisarawe, yeye hajaisahau.

Siku moja Mzee Maganga alipiga hodi. Tukamwamkia, akaitika, akaingia. Naye alikuwa mtu wa reli, Mnyamwezi wa Tabora, alikuja pwani kijana kwa treni, akafanya kazi ya kukarabati njia mpaka akastaafu. Alizunguka chumba mikono mgongoni, akaitazama treni ikitoka Kisarawe, ikashuka, ikafika ukutani, ikasimama.

“Mfaume,” akasema, “reli yako inaishia ukutani.”

“Niipeleke wapi, mzee? Ukuta umefika.”

“Ukuta wa nani?”

“Wako, mzee.”

Mzee Maganga alitoka, akarudi na mtaimbo, akatoboa ukuta wa nyumba yake mwenyewe pale reli ilipoishia, katikati ya nguzo mbili, tundu la kupita kopo. Tukaliita handaki la Pugu. Upande wa pili akajenga yeye. Alianza na Ruvu, na mto Ruvu ulikuwa beseni la Mama Kulwa lililowekwa chini ya daraja la vijiti, linalohamishwa siku ya kufua. Baada ya Ruvu ikafuata Tabora. Tulipomuuliza Morogoro na Dodoma ziko wapi, alijibu kuwa treni yake ni ya haraka.

Sasa nisipokueleza jambo moja hutanielewa. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Ninyi mliozaliwa juzi mnadhani utani ni kuchekeshana tu kwenye simu. Mtani, mwanangu, ni mtu mwenye ruhusa. Ana ruhusa ya kukuita majina, kukuchukulia kitu, kukuzibia njia siku ya shughuli yako mpaka umpe haki yake. Na wewe huna ruhusa ya kukasirika, kwa sababu kesho zamu ni yako. Watani ndio wanaokuchekesha msibani wakati ndugu zako wote wameishiwa na la kusema. Basi nyumba ile haikukosa kelele. Mzee Maganga akituona tunakula mihogo atauliza kama Wazaramo wamewahi kulima kitu kingine. Mfaume atamjibu kwamba wapagazi wa bara hawajui kula, wanajua kubeba. Hayo kutwa, na jioni wanakunywa kahawa pamoja.

Lakini kwenye reli Mzee Maganga hakuwa na mzaha. Naye alikuwa ameunda treni yake, na njia ilikuwa moja. “Treni mbili zikikutana handakini,” alisema, “hakuna wa kumwomba mwenzake radhi.” Kwa hiyo akaweka sheria. Nilitoa bangili yangu ya shaba, ikawa ndiyo ruhusa ya njia: asiye na bangili haingizi treni handakini. Mwenye kutaka njia anagonga ukuta kwa kijiko mara moja. Mwenye bangili, kama njia ni nyeupe, anajibu mara mbili, anaituma bangili kwa treni yake, kisha anasubiri. Mimi nilikuwa stesheni masta wa Kisarawe. Mama Kulwa alikuwa wa Ruvu. Waume zetu walijifanya madereva, lakini kazi tuliifanya sisi.

Mimba yangu ya kwanza ilinitesa. Harufu ya mafuta tu ilitosha kuniangusha kitandani. Mfaume akishakwenda kwenye kibanda chake cha redio, nabaki peke yangu nahesabu mabati. Ndipo nasikia kijiko: ko. Najikokota, najibu ko ko, naituma bangili. Treni inatoka handakini polepole, na kwenye behewa la wazi kuna ndimu iliyokatwa na chumvi kidogo juu ya jani. Siku nyingine ukwaju, siku nyingine kipande cha tangawizi. Nyuma yake inakuja sauti ya Mama Kulwa kupitia tunduni, “Mwanangu, umekula?” Wahenga walisema jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Mimi ndugu zangu walikuwa mbali, barabara mbovu, na mama yangu wa Kibaha alikuwa anapita kwenye tundu la ukuta. Tundu lile nililipenda kuliko mlango.

Nikajifungua salama, mtoto wa kike, tukamwita Zaituni. Zikafika siku za kumtoa mtoto nje, watu wamwone. Ndugu wakaja kutoka Kisarawe na Maneromango, na mkubwa wao alikuwa Shangazi Mwanamvua, dada wa baba yake Mfaume, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mtu mnene. Pilau likapikwa. Mimi nikapika kashata za nazi sinia zima.

Mfaume alikuwa ameapa kuwaonyesha wazee wake reli. Maana, nikuambie ukweli, kwao walikuwa wakinong'ona kwamba mtoto wa fulani kule Kibaha ni mtu mzima na mkewe, anacheza na makopo. Hilo lilimkera. Akawakalisha chumba cha mbele, akasimama kama mkuu wa wilaya, akatangaza kuwa treni itabeba kashata, itapita handaki la Pugu, itavuka Ruvu, itafika Tabora, na itarudi na kashata zilezile. Nikagonga, nikajibiwa, bangili ikaja. Treni ikaondoka, wazee shingo ndefu. Ikapotea ukutani. Tukasikia ikivuka daraja. Ikarudi imejaa maganda ya muhogo.

Chumba kizima kikacheka. Mfaume naye akacheka, lakini nusu. Akapakia kashata nyingine, akatuma tena. Ikarudi na kokoto, moja kila behewa, zimepangwa vizuri. Shangazi akajipiga mapaja. Mara ya tatu treni haikurudi kabisa. Ikaja sauti ya Mzee Maganga, nzito, mdomoni kashata: “Treni imekamatwa Tabora. Mtoto ametolewa nje na mtani hajapewa haki yake. Leteni jogoo.”

Hiyo ndiyo mila, mwanangu, na aliifanya vizuri. Wanawake wakapiga vigelegele. Ingeishia hapo ingekuwa siku tamu kuliko zote. Lakini mjomba mmoja, hata sikumbuki alikuwa wa upande gani, akasema, “Kumbe fundi unaunda wewe, anayeendesha jirani.” Nikaona uso wa Mfaume unabadilika.

Akatoka. Akazunguka uani mpaka kwa Mzee Maganga, na yote aliyoyasema tuliyasikia sote kupitia lile tundu, kama yuko katikati yetu. Alisema, “Nipe treni yangu. Wewe ulikuja hapa kwa treni. Treni zipo, panda urudi kwenu.”

Maneno hayohayo angeyasema huku anacheka, nyumba ingebomoka kwa vicheko, na wa kwanza angekuwa Mzee Maganga. Wangapi walishamwambia hivyo, naye akajibu kuwa nauli hana. Lakini Mfaume hakucheka. Na Mzee Maganga, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, hakujibu. Alimpa treni yake, basi.

Asubuhi yake wageni walipoondoka, Mfaume alichimba udongo uani akauleta karibu na handaki. Akaniambia, “Nipe maji.” Mtoto mgongoni, nikaenda nikachota ndoo. Nilijua anachotaka kufanya. Nikamimina, akakanda, akaziba. Akajipa moyo kwa methali: “Usipoziba ufa utajenga ukuta.” Nami nikasimama na ndoo yangu, sikufungua mdomo.

Nyumba ikanyamaza. Hujui ukimya, mwanangu, mpaka uzibe tundu ambalo sauti ilikuwa inapita. Nilikaa chumba kile na mtoto, naangalia kijiko changu. Mama Kulwa nilimkuta bombani siku ya pili yake. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniumiza. Alimpapasa Zaituni mguu, akasema taratibu, “Mzee hali chakula vizuri. Ametoa lile sanduku lake la bati chini ya kitanda, analifuta vumbi. Anasema huenda Mfaume kasema kweli, mtu arudi kwao.” Tabora alikuwa hana mtu tena. Aliowaacha huko walikuwa wamekufa au wamemsahau. Na mimi nikaona kwamba mzee akienda na Mama Kulwa ataenda, na mwanangu atakua bila bibi. Nililia pale bombani mpaka ndoo ikafurika.

Sasa mvua huwa ina kazi yake. Wageni wote walikwenda isipokuwa Shangazi Mwanamvua, kwa sababu barabara ya kwake Maneromango ilikuwa imekatika wenzake wameshapita, na gari hakuna. Alikaa kwenye mkeka akimbembeleza mtoto, macho yake yanatembea chumbani. Mfaume aliporudi kutoka kazini, akamwita.

“Mfaume, mbona treni imenyamaza?”

“Imeharibika, shangazi.”

“Naona. Imeharibika ukutani.” Akanyoosha kidole pale palipokuwa na udongo mbichi. “Toka lini Mzaramo akamnunia Mnyamwezi?”

“Shangazi, alinidhalilisha mbele ya wazee. Nami wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta.”

“Methali umeishika kichwa chini, miguu juu. Ufa ni hizo hasira zako, hizo hukuziba. Umeziba tundu, ukajenga ukuta wewe mwenyewe.” Akamgeuza mtoto bega la pili. “Nikuulize. Yule mzee kakuchukulia kashata. Angekuwa hakupendi angekuja kukaa na wageni wengine, ale pilau, anawe, aende. Mtu hamwibii kashata mtu asiyemjali. Kakufanyia heshima ya kwenu, wewe ukamtukania kwao.”

Mfaume akainama. Nilidhani limekwisha, nikaanza kupanga vikombe. Shangazi akanigeukia.

“Na wewe, mwali. Maji aliyapata wapi?”

Nikasema, “Nilimpa mimi, shangazi.”

“Ulipenda tundu lizibwe?”

“Hapana.”

“Basi mbona ulishika ndoo?”

Adabu niliyofundishwa Maneromango ilikuwa ya kunyamaza, na Shangazi siku ile alinifundisha kwamba kunyamaza kwingine ni kukanda udongo. Alisema, “Mke si wa kubishana na mume kutwa nzima, sawa. Lakini ukiona anajiumiza, mwaga ndoo chini. Mwambie imekuponyoka.” Nikacheka machozi yakinitoka, naye akacheka, na Mfaume akatutazama sote wawili kama mtu aliyeonewa.

Shangazi akaomba kijiko. Akajikongoja mpaka ukutani, akagonga juu ya udongo: ko. Kimya. Akagonga tena. Kimya. Akagonga mara ya tatu, na tukasikia kitanda kinalia upande wa pili, na nyayo, na kikohozi. Kisha sauti, ya chini kuliko tulivyoizoea:

“Stesheni imefungwa. Kuna maporomoko ya udongo handakini.”

Oh, mwanangu. Nilimshika Mfaume mkono nikamfinya. Mtu anayekwambia kuna maporomoko anakwambia njia bado ipo.

Shangazi akaweka mdomo ukutani. “Wafanyakazi wanakuja kuzoa. Mnyamwezi, kijana wangu alinuna. Aliyemnunia mtani analipa. Sema faini yako.”

Mzee Maganga akakohoa. “Niliomba jogoo. Bado nataka jogoo.”

“Nitakuletea mlangoni sasa hivi.”

“Mlangoni sitaki,” akasema Mzee Maganga, na hapo tukasikia kitu kinachofanana na kicheko kinatafuta njia. “Treni ilikamatwa kwa ajili ya jogoo. Jogoo aje kwa treni.”

Basi hasira hasara, lakini hasara nyingine ni tamu. Mfaume alizibua tundu kwa mikono yake, udongo wake mwenyewe, hata haujakauka. Tukapima, tukaona kuku gani atapita pale? Ikabidi handaki lipanuliwe, na kulipanua ni kukata nguzo moja ya ukuta wa nyumba ya watu. Akaenda kupiga hodi kuomba ruhusa. Mzee Maganga akamjibu bila kufungua mlango, hakutaka kumwona mpaka faini ifike, “Kata. Nyumba ikianguka tutakufa watani.”

Jingine ni kwamba kichwa cha treni kilizoea kuvuta kashata, si kuku. Mota moja haikutosha. Mfaume alizunguka kutafuta mota ya pili, hakupata. Sasa kulikuwa na redio kaseti yake mwenyewe, ile aliyoinunua kabla hajanioa, anayoipangusa kwa kitambaa kila jioni, na mimi nilikuwa siruhusiwi kuigusa. Nilimkuta ameiweka mapajani, bisibisi mkononi. Aliniangalia. Sikusema kitu, lakini safari hii kunyamaza kwangu kulikuwa kwa namna nyingine. Akaifungua, akaitoa mota. Hatukusikia taarabu nyumba ile mpaka mwaka ulipogeuka.

Tukaunda behewa la jogoo, pana na fupi, chini limewekwa mchanga lisipinduke. Shangazi akachagua jogoo mwenyewe, na kwa kuwa ni mwanamke mwenye hesabu zake alichagua pora, kijogoo kinachoanza kuota taji, chepesi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: tukamfunga kwenye behewa kwa utepe wa nguo ya harusi yangu. Habari ilikuwa imeshaenea mtaa mzima. Watu walijaa pande zote mbili za ukuta, dirishani vichwa juu ya vichwa, hata mzee wa msikitini alipita akajifanya anauliza saa.

Nikakaa stesheni yangu ya Kisarawe, Zaituni kifuani. Nikagonga: ko.

Upande wa pili ukajibu ko ko. Na bangili yangu ikatoka handakini juu ya treni ya Mzee Maganga, imefungwa kitambaa cheupe. Nilipoiona nilijua Mama Kulwa ndiye aliyefunga, na moyo wangu ukarudi mahali pake.

Mfaume akagusisha waya. Mota mbili zikalia. Treni ikatikisika, ikasita, ikaondoka, mwendo wa bibi harusi. Pora alisimama wima, macho yametoka, anageuza shingo kila kilima. Ikashuka Kisarawe, ikapita miti ya dodoki, naye akadonoa mmoja akaondoka nao mdomoni. Ikaingia handakini. Na humo ndani, gizani, katikati ya nyumba ya Wanyamwezi na chumba cha Wazaramo, kijogoo kile kikawika kwa mara ya kwanza maishani mwake. Sauti ilikuwa mbovu, imepasuka, lakini ilikuwa kuwika.

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Shangazi alikaa chini. Na katikati ya vicheko hivyo Mfaume akainama, akaweka uso kwenye handaki, akapaza sauti:

“Wewe mpagazi. Ulikuja hapa kwa treni. Treni ndiyo hiyo, panda urudi kwenu.”

Maneno yaleyale, mwanangu, neno kwa neno. Lakini sauti yake ilikuwa inatetemeka, hujui anacheka au analia.

“Sipandi,” akajibu Mzee Maganga. “Ina kuku.”

Sanduku la bati likarudi chini ya kitanda. Pora yule hakuchinjwa. Alizeeka uani, akawa jogoo wa kuamsha mtaa, na kila mtoto alimjua kwa jina la Stesheni Masta.

Mzee Maganga hakurudi Tabora. Miaka mingi baadaye alifariki hapahapa Kibaha, ameshiba umri, wajukuu wamemzunguka. Siku ya maziko, jeneza lilipotaka kutoka, Mfaume, kichwa chake sasa cheupe, alikwenda akajilaza chini mlangoni. Vijana wageni wakashtuka. Akasema hatoki mtu, kwa kuwa marehemu alikula kashata zake siku ya kumtoa mtoto nje na hajazilipa. Watu wakaanza kucheka, walewale waliokuwa wanalia. Na Mama Kulwa, kwenye msiba wake, akaagiza kitu ndani. Ikaletwa sahani ya kashata za nazi, imefunikwa kawa. Alikuwa ameziandaa tangu asubuhi, maana alijua mtani wake atadai. Mfaume akachukua moja, akainuka, akapisha njia, na mwenyewe akashika jeneza mbele. Kashata hiyo alikwenda nayo mkononi mpaka makaburini.

Mfaume yupo. Ndiye huyo anayekohoa chumba cha pili, anajifanya hasikilizi. Reli ipo. Wajukuu wamebadilisha mota, wametia zile za mashine za kuchapishia, na taa zinazowaka zenyewe kwenye stesheni ya Kisarawe. Upande wa pili anakaa Kulwa na watoto wake. Nyumba tumeijenga upya kwa matofali, na fundi mwashi alipouliza tundu hili kubwa ukutani ni la nini, tukamwambia aliache kama lilivyo, ni la kupitia jogoo.

Basi sikiliza nasaha yangu, maana nimekuchosha na chai imepoa. Ninyi siku hizi mnaziba kwa kidole kimoja. Mtu kasema neno, unambonyeza kwenye simu, kwisha, hapiti tena, na wewe unajisifu umejiheshimu. Mimi sikwambii uvumilie mtu mbaya. Mtu mbaya mzibie, tena kwa saruji. Lakini kabla hujakanda udongo, jiulize: huyu ananiumiza, au ananitania kwa sababu mimi ni wake? Na kama umeshaziba, usione haya kugonga. Gonga tena, na tena. Akikujibu kwa mzaha, shukuru Mungu, njia ipo. Faini atakayoitaja ilipe kwa namna atakayoitaka yeye, hata ikibidi kukata nguzo na kufungua redio unayoipenda. Na ukimwona umpendaye anakanda udongo wa hasira, usimshikie ndoo kwa jina la adabu. Iache ikuponyoke.

Sasa lete kichwa chako nikikuwekee mkono. Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye kicheko, na ukuta usiokuwa mzima sana. Akupe jirani wa kukuletea ndimu siku ya ugonjwa, na mtani wa kukuibia kashata siku ya furaha yako. Kila ukigonga, ujibiwe mara mbili. Na siku ya mwisho ya safari yako, mwanangu, asikose mtu wa kujilaza mlangoni akadai kwamba usiondoke bado. Amina.